Karafuu Kwenye Ghala la Pua

Mume wangu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Pua, mpaka vitoto vya jirani: "Shikamoo, Babu Pua!" Naye huitikia kwa raha zake, maana jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa pua. Alilipata kwa kazi.

Nyuma ya nyumba yetu kuna ghala. Ni chumba kirefu chenye kuta nene, madirisha madogo ya juu yenye wavu, na chaga za mbao sakafuni ili kreti zisiguse saruji. Wenye mashamba ya machungwa hutuletea mavuno yao wakati kila mtu anavuna na soko limeshiba. Tunawatunzia ndani ya ubaridi ule mpaka machungwa yaadimike. Sasa chungwa moja likioza katikati ya kreti na wewe huna habari, ukungu wake unawarukia wenzake kama umbea. Ukija kushtuka, kreti nzima imekuwa uji.

Hapo ndipo Pua alipokuwa bwana. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya kusema na mtu, aliingia ghalani peke yake na kufunga mlango. Sisi tulisimama nje, kimya. Aliyekula kitunguu asisogee. Aliyejipaka manukato akasimame kule kwenye kamba ya nguo. Ndani unamsikia anatembea, anavuta pumzi, anatembea, anavuta. Kisha anasema, "Hapa." Unafungua, unashusha kreti aliyoishika, unapekua mpaka chini, na chungwa bovu unalikuta limejificha kama mwizi. Watu walikuja kumtazama. Mama Mapacha, mwenye shamba kubwa kuwashinda wote, alikuwa akisema, "Huyu mzee akinusa ukuta, atakwambia fundi aliyeujenga alikula nini."

Mimi nimelala ubavuni mwa pua hiyo tangu ujana wangu. Nilijua naijua.

Msimu ule mambo yakaanza kwenda mrama. Kreti ambazo Pua alizipita asubuhi bila neno, baada ya muda mfupi zilikutwa zimeoza. Siku moja Mama Mapacha alikuja kuchukua zake, akaingiza mkono kwenye kreti, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Alipiga ukelele nikadhani ni nyoka. Akautoa mkono umejaa unga wa kijani na maji yanadondoka.

"Pua, hii nini?"

Pua hata hakuinama. "Ghala langu halina kosa," akasema. "Kosa ni mikono. Yule binti anayachubua anapoyaosha."

Yule binti ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu dereva, ambaye siku nyingi yuko barabarani na lori. Machungwa yakifika, ni yeye anayeyaosha, anayeyakausha kivulini, anayeyapanga. Na ni kweli, chungwa likikwaruzwa hata na ukucha, ukungu umeshapata mlango. Kwa hiyo neno la Pua liliingia akilini, likakaa. Mkamwana akakata kucha mpaka akajiumiza. Akawa anaosha machungwa kama anaogesha kitoto kichanga. Wapi! Yalioza vilevile. Wenye mashamba wakatuma ujumbe kwamba siku ya soko, wakishauza, watapita kwetu, na siku hiyo yule binti atoke ghalani atafutwe mtu mwingine.

"Mama," aliniambia tukiwa tunaosha vyombo, "wakinitoa mle, mimi hapa nitakuwa nani? Mwenzangu hayupo. Kazi nyingine sina, na hii naipenda. Nitabaki kuwa mtu wa kungoja sahani?"

"Usinililie kwenye masufuria safi," nikamwambia. Lakini na mimi macho yalikuwa yananiwasha.

Sasa, binti yangu mkubwa anafanya kazi kwenye maabara ya chuo, wanakochunguza namna ya kutunza matunda. Wifi yake alipomsimulia kwenye simu, hakungoja. Alikuja mwenyewe na vichupa mkobani: mafuta ya karafuu na mafuta ya mchaichai, yale halisi yanayotolewa kwa mvuke.

"Sikilizeni vizuri," akasema. "Haya hayapakwi kwenye chungwa, ni makali, yanaunguza ganda. Unadondosha matone machache kwenye pamba, pamba unaifunga kwenye kitambaa, unaiweka kwenye kona ya kreti, unafunika. Harufu yake ikijaa mle ndani ndiyo inayouzuia ukungu usiote. Na chungwa lililokwisha kuoza halifufuki. Hii ni kinga, si miujiza."

Pua alikataa hata kuvitazama. "Mnataka kunipofusha?"

"Nani kagusa macho yako, baba?"

"Pua yangu ndiyo macho yangu! Mkijaza karafuu mle ndani, mimi nitanusa nini? Ghala langu si duka la manukato. Na asitokee mtu akanijaribu. Atakayeingiza hicho kitu, nitamnusa nikiwa kitandani, nimejifunika shuka."

Binti yangu akaenda zake, vichupa akaviacha jikoni, nyuma ya kopo la chumvi. Mimi na mkamwana tukajaribu wenyewe. Maboksi mawili, machungwa ya shamba moja, yote tuliyadunga kwa sindano makusudi ili ukungu upate pa kuingilia. Boksi moja tukaliwekea pamba, jingine tukaliacha. Tukayasukuma chini ya meza ya jikoni, tukaendelea na maisha. Siku tuliyoyafunua, nilitazama lile lisilo na pamba, nikacheka.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Juzi mtoto mchanga, jana ndevu nyeupe, leo ndevu za kijani."

"Ukungu!" Akafunua na lile la pili. Machungwa yalikuwa yamekaa mle yanang'aa kama yametoka mtini. Moja tu, lililokuwa limegusana na pamba, lilikuwa na doa la kahawia, kosa letu la kuzidisha matone. Mkamwana akalishika chungwa zima kwa mikono miwili, akaniuliza polepole, "Mama, kwa hiyo mikono yangu haina sumu?"

Siku ya soko ilipofika, aliamka kabla ya watu wote. Nilimkuta kwenye mlango wa ghala, kitambaa puani, macho mekundu.

"Umefanya nini?"

"Nimeweka pamba kwenye kreti zote za upande wa nyuma. Leo nafukuzwa, mama, nikifanya au nisipofanya. Wakija, wakute zipo. Baba akitaka kuzitoa, azitoe mbele yao na awaeleze kwa nini." Kisha akaniegemea. "Ila kichupa kimeniponyoka. Kile cha karafuu. Chote."

Nikaingiza kichwa ndani. Jamani! Harufu ilinipiga kama mlango. Ilikuwa imemwagika pale kizingitini, sakafu inang'aa. Koo lilinibana, machozi yakanitoka yenyewe, jino langu bovu likafa ganzi papo hapo. Nikarudi nyuma nikikohoa.

"Leta maji! Leta majivu! Leta chochote!"

"Mama, amekuja."

Kweli, Pua alikuwa anavuka ua, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, uso ule wake wa asubuhi usiotaka salamu. Nikajisemea, leo dunia inapinduka. Atapiga kelele mpaka sokoni wasikie. Mkamwana akanishika mkono, kiganja chake kikanilowesha kwa jasho.

Pua akatupita. Akakanyaga pale pale palipomwagika. Akaingia. Akafunga mlango.

Tukangoja kelele.

Tulisikia hatua. Tukasikia pumzi, ndefu, ile ile ya siku zote. Hatua. Pumzi. Kuku wa jirani aliyekuwa anapekua karibu na mlango aliinua kichwa, akaondoka. Kuku! Ndani, pumzi, hatua. Akafika kule nyuma, kwenye kreti zenye pamba. Akasimama. Akavuta pumzi kubwa kuliko zote.

"Hapa," akasema.

Tukaingia tumeziba pua. Mkamwana akashusha kreti, akapekua mpaka chini. Hapakuwa na bovu hata moja. Palikuwa na pamba yake tu kwenye kona, imekaa.

Pua aliitazama ile pamba kama anavyotazama kipande cha karatasi. "Basi tutakuwa tumeliwahi," akasema. Akafikicha macho. "Fagieni humu, vumbi linauma macho. Lakini leo hewa ni safi. Safi kama maji ya mtungi."

Akatoka, akaelekea jikoni kunywa chai.

Mkamwana alikuwa amesimama na chungwa mkononi. Midomo ilimcheza kabla sauti haijaja. "Mama… hasikii. Baba hasikii harufu."

Mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe. Nilitaka kusema usiseme hivyo. Ni kama mtu akwambie mwezi umening'inizwa kwa uzi, halafu utazame juu uuone uzi. Kisha nikaichukua ile pamba kwenye kreti, nikaifumbata kiganjani, nikamfuata.

Alikuwa anakoroga chai. Nikakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Mzee. Kitendawili."

Akatabasamu, maana tangu ujana wetu ndio mchezo wetu. "Tega."

"Mgeni wangu hana miguu. Amekaa kati yangu na wewe. Kila mtu nyumbani ameshamjua ila wewe."

"Upepo."

"Sio."

"Kivuli. Njaa. Deni."

"Sio." Ngumi yangu nikaisogeza mpaka chini ya pua yake. Mimi niliyekuwa mbali nayo kuliko yeye, kichwa kilikuwa kinaniuma.

Akaitazama ngumi. Akanitazama mimi. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Sitaki mji." Nikafungua kiganja.

Aliiona pamba ya njano, yenye mafuta. Akawa anaitazama tu. Kijiko kikasimama kwenye kikombe.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Nani mwingine anajua?"

"Tangu lini, baba watoto?"

Akakisukuma kikombe. "Ile homa ya mafua. Niliyolala nayo ukaniwekea maji ya moto. Niliamka, chai ikawa moto tu, haina kitu ndani. Nikasema itarudi kesho. Nikasema itarudi wiki ijayo. Haikurudi."

Nikahesabu miezi kichwani nikaacha, nikaogopa. "Na chakula changu? Unachokisifia kila siku? 'Leo umenikomesha, mke wangu'? Nilibadilisha viungo makusudi ukasema umeonja tofauti!"

"Nilikuwa nakutazama usoni," akasema. "Ukipakua huku unatabasamu, najua umepatia."

Jamani. Nilikuwa sijui nilie au nimpige na mwiko. Miezi yote hiyo ya kusifiwa, kumbe nilikuwa nasomwa kama saa ya ukutani!

Lakini hasira ilikuja nyuma ya kicheko, ikakipita. "Na ghalani?"

"Nabahatisha. Kwenye kreti nyingi hivyo, palipo na bovu hapakosekani."

"Na pale ulipokosa?"

Akachukua kijiko, akakiweka tena.

"Pale ulipokosa, ukasema ni mikono ya mtoto wa watu. Amekata kucha mpaka nyama, Mzee! Analia juu ya masufuria yangu! Leo wanakuja kumtoa."

"Wakijua sina pua, mimi ni nani?" akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. Na mimi nikashtuka mara ya pili, maana maneno hayo yalikuwa ya mkamwana, karibu yote, yametoka kwenye mdomo mwingine.

"Sitakusemea," nikamwambia. "Wala sitakufichia."

Mchana wenye mashamba wakaja. Mama Mapacha mbele, kikapu kitupu kichwani, nyuma yake yule mzee mwenye shamba la bondeni tunayemwita Polepole, na wengine wachache. Walipokaribia ghala, Mama Mapacha akasimama ghafla, akapiga chafya, kikapu kikamdondoka.

"Kwani humu anang'olewa mtu jino?"

Polepole akacheka. "Mimi nilidhani ni pua yangu."

"Pua zetu si kitu, mwenye Pua yupo. Hebu Pua tuambie, hii karafuu umeiruhusuje? Wewe uliyenifukuza mimi kwa sababu ya sabuni ya kufulia?"

Mkamwana alikuwa amesimama pembeni ya maboksi yetu mawili, aliyokuwa ameyatoa jikoni. Alijua. Angeweza kufungua mdomo pale na kumwangusha mkwewe kama jani. Hakusema. Alitazama chini, vidole amevikunja ndani ya viganja.

"Nimeiruhusu…" Pua akaanza. "Ni majaribio. Binti yangu wa maabara…"

"Sawa, majaribio," akasema Mama Mapacha. "Na huyu? Tulikubaliana anatoka leo."

Nilimtazama mume wangu, naye aliniona namtazama. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kola. Hapo ningeweza kumwokoa mmoja wao kwa neno moja na kumzika mwingine. Nikauma ulimi.

"Huyu hatoki," Pua akasema. "Mimi ndiye nisiyesikia harufu."

Wakacheka! Wote, wakacheka kweli kweli. Polepole alijipiga paja. "Mzee huyu na utani wake!"

"Sisikii," akarudia. "Karafuu hiyo siisikii. Nimepita mle asubuhi nikasema hewa safi. Muulizeni mke wangu."

Kicheko kikaanza kukatika, mmoja mmoja. Mama Mapacha aliingia ghalani amejiziba na kanga, akatoka na kile kichupa, ndani yamebaki matone machache. Akakishika chini ya pua ya mume wangu, karibu kabisa. "Vuta."

Pua akavuta. Akavuta kwa kifua kizima, pumzi ambayo ingemtupa mtu yeyote chali. Machozi yakamchuruzika. Uso haukubadilika. Akasimama hivyo hivyo, kama mtu anayengoja kuitwa.

Polepole alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika mbele ya tumbo. Mwanamke mmoja nyuma akanong'ona, "Pua? Pua huyu?" na mwenzake akamkanyaga mguu.

Kisha Pua akafanya jambo ambalo sikulitegemea hata mimi. Aligeuka, akaenda mpaka alipo mkamwana, mbele ya watu wote, mkwe mwanaume kwa mke wa mwanawe, akasema, "Mwanangu, machungwa hukuyachubua wewe. Niliyapita mimi. Nilikusingizia. Nisamehe."

Mkamwana alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Nilidhani atasema yameisha, kama tunavyosema sote ili watu wapumue. Hakusema.

"Nimesikia, baba," akajibu. Basi.

Mmoja wao alibeba kreti zake palepale, akaondoka bila kuaga, na sikumlaumu. Polepole alisema atafikiria, na kwa jinsi tunavyomjua, mpaka leo anafikiria. Mama Mapacha aliyapekua yale maboksi ya jikoni, akageuza chungwa moja baada ya jingine, akakwaruza alama za sindano kwa kidole gumba.

"Haya ya pamba ni wewe?"

"Mimi na mama. Ila tulizidisha matone, lile moja limeungua. Na mle ndani nimemwaga, lazima tupitishe hewa. Na kreti zilizokwisha kuoza hazitapona kwa pamba. Lazima zifunguliwe zote kwa mkono, leo, mabovu yatoke kwanza."

"Zote?"

"Zote, Mama Mapacha. Hakuna tena atakayejua kwa kusimama tu."

Mama Mapacha alijifunga kanga kiunoni. "Basi anza na zangu."

Tukafungua milango na madirisha, tukamwaga majivu kizingitini. Mkamwana akapanda juu ya chaga, akawa anashusha kreti, sisi tunapekua. Tulichokikuta sitaki kukieleza sana. Katikati ya safu ambayo mume wangu aliipita kila asubuhi, palikuwa na kreti zilizooza zimeshikana, ukungu umezifunga kama blanketi. Mama Mapacha alikuwa akisema "Ee Mungu" kila kifuniko kinapofunguliwa, na kila mara ilikuwa mpya.

Pua alibaki nje. Alisimama kwenye mlango wa chumba alichokuwa akiingia peke yake, mikono haijui ikae wapi. Aliinua mguu, akaurudisha.

Kule ndani, mkamwana alikuwa anavuta kreti ya chini iliyonasa. Ikagoma. Akaivuta tena.

"Hii nzito," akasema, bila kugeuka, bila kumtaja mtu. "Nani ananishikia upande wa pili?"

Mimi nilikuwa karibu. Sikusogea.

Pua akakunja mikono ya shati, akaingia. Mkamwana alimwona, akakaza taya. Kisha akasogea kidogo pembeni, si sana, kiasi cha mtu mmoja kupata pa kusimama.